KIWANJA CHA GOLDSTONE: HABARI ZA KLABU ILIYOUZIWA NYUMBA YAKE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Kamati iliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya michezo. Najua wengi mlitegemea nisimulie mabao ya zamani ya shule yetu. Mabao hayo yamekwisha kusimuliwa sana, na kila mwaka yanaongezeka ingawa wafungaji ni wale wale. (Kicheko.) Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, hadi pwani ya kusini ya Uingereza, niwasimulie habari za kiwanja kimoja cha kandanda ambacho sasa hakipo. Kiliitwa Goldstone. Kilikuwa nyumbani kwa klabu ya Brighton and Hove Albion kwa miaka 95. Baadaye nitarudi hapa hapa shuleni, maana sikuchagua habari hizi kwa ajili ya kupitisha wakati.

Kwanza nieleze jambo moja. Kwetu, timu kubwa nyingi zimezoea kucheza katika viwanja vya serikali, vya manispaa au vya chama, kama vile CCM Kirumba kule Mwanza au Ali Hassan Mwinyi kule Tabora. Klabu ni kitu kimoja, kiwanja ni kitu kingine. Uingereza mila ilikuwa tofauti. Klabu nyingi zilimiliki viwanja vyao zenyewe, na mtu akitaja klabu, papo hapo unakiona kiwanja chake. Babu alisimama pale, baba akasimama pale, mtoto naye akabebwa mabegani mpaka pale pale. Kwa hiyo kiwanja kinapouzwa, wanaoumia si wachezaji tu.

MAHALI PENYEWE

Mji wa Hove umeungana na mji wa Brighton hata mgeni hajui mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Klabu ilianzishwa mwezi Juni 1901, na mwanzoni ilicheza katika kiwanja cha kriketi cha Hove. Mwezi Februari 1902 ikacheza kwa mara ya kwanza Goldstone, ambako wakati huo palikuwa pakitumiwa na timu nyingine iliyoitwa Hove FC. Timu hizo zikachangia kiwanja kimoja kwa muda, hata mwaka 1904 Hove FC ikaondoka, Albion ikabaki peke yake. Ilianza kama mpangaji, na baadaye ikainunua ardhi yenyewe.

Jina la Goldstone lilitokana na jiwe kubwa la kale lililokuwa katika shamba la jirani. Jiwe hilo lina kisa chake. Watu walikuwa wakija kulitazama, wakikanyaga mazao. Mkulima mwenye shamba, kwa kuchoshwa nao, akalichimbia shimo mwaka 1834 na kulizika. Mwaka 1900 likafukuliwa, na hata leo limesimama katika bustani ya Hove Park, ng'ambo ya barabara kutoka mahali kilipokuwa kiwanja. Kwa hiyo jiwe walilizika likafufuka.

Kiwanja chenyewe hakikuwa cha fahari. Uwanja wa kuchezea ulikuwa na mteremko. Upande wa mashariki watu walisimama juani na mvuani bila paa. Taa za kuchezea usiku ziliwekwa mwaka 1961. Lakini kilikuwa karibu na stesheni ya treni, katikati ya nyumba za watu, na mfanyakazi aliweza kutoka kazini Jumamosi mchana na kufika kwa miguu kabla filimbi ya kwanza haijapigwa.

NENO LA MIAKA YA NEEMA NA YA SHIDA

Sitawachosha na matokeo ya miaka 95. Nitataja machache tu ili mjue kilichouzwa kilikuwa nini.

Mwaka 1910 Albion walikuwa mabingwa wa Ligi ya Kusini, wakakutana na Aston Villa, mabingwa wa Ligi Kuu ya wakati huo, kugombea Ngao ya Hisani. Timu ya pwani ikashinda 1–0. Mwaka 1920 wakaingizwa Daraja la Tatu, na humo wakakaa mpaka mwaka 1958. Ndugu zangu, hiyo ni miaka 38 bila kupanda wala kushuka. Kuna waliozaliwa, wakaoa, wakapata watoto, timu yao ingali pale pale, na bado kila Jumamosi walikwenda.

Mwaka 1948, michezo ya Olimpiki ilipofanyika London, mechi moja ya kandanda ilipelekwa Goldstone. Luxembourg iliifunga Afghanistan mabao 6–0. Fikirini wakazi wa Hove, miaka mitatu tu baada ya vita, wakiwatazama vijana kutoka Kabul wakicheza mahali ambapo wiki nyingine huchezea watoto wao.

Tarehe 30 Aprili 1958 Albion waliifunga Watford 6–0 katika mechi ya kupanda daraja, na mabao matano yalitiwa na kijana mmoja wa miaka 20, Adrian Thorne. Mwezi Desemba mwaka huo huo, siku ya tarehe 27, watu 36,747 walijazana kuitazama Albion ikicheza na Fulham. Hiyo ndiyo hesabu kubwa kupita zote katika historia ya kiwanja hicho.

Shida nazo zilikuwapo. Mwaka 1973 klabu ilimwajiri Brian Clough, kocha mwenye sifa kubwa kuliko wote wa siku zile, na wiki chache baadaye akashuhudia papo hapo Goldstone timu yake ikifungwa na Bristol Rovers mabao 8–2. Sifa za kocha hazizuii mpira kuingia wavuni. (Kicheko.) Chini ya Alan Mullery klabu ilipanda mwaka 1977, ikapanda tena mwaka 1979 na kufika Daraja la Kwanza. Ikadumu huko misimu minne. Mwaka 1983 ilifika fainali ya Kombe la FA pale Wembley, ikatoka sare ya 2–2 na Manchester United, kisha ikafungwa 4–0 katika mechi ya marudio. Mwaka huo huo ikashuka daraja.

Kuanzia hapo mlango wa shida ulifunguka. Mapato yalipungua lakini mishahara na madeni vilibaki. Baada ya moto wa Bradford wa mwaka 1985 na maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, masharti ya usalama viwanjani yaliongezwa, na ilikuwa haki yaongezwe. Lakini viwanja vya zamani vilihitaji matengenezo makubwa, na klabu isiyo na fedha ilizidi kubanwa. Kufikia mwaka 1993 Albion ilikuwa ikiitwa mahakamani na wadai wake, nayo ikiponea chupuchupu kufungwa.

SENTENSI ILIYOONDOKA

Sasa, ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye kiini cha mazungumzo yangu, na naomba vijana waache kunong'ona.

Tangu zamani sana Chama cha Kandanda cha Uingereza kilijua kwamba klabu ikiwa kampuni, siku moja anaweza kuja mtu ambaye hapendi mpira bali anapenda ardhi iliyo chini ya mpira. Kwa hiyo kiliweka masharti. Wenye hisa wapate gawio dogo tu. Wakurugenzi wasilipwe mshahara. Na klabu ikivunjwa, baada ya kulipa madeni, kinachobaki kiende kwa vyama vingine vya michezo au vya hisani, kisiingie mifukoni mwa wenye hisa. Kwa masharti hayo ardhi ya klabu ilikuwa kama ng'ombe wa amana. Maziwa unaweza kunywa, lakini huwezi kumchinja.

Masharti hayo yalianza kulegea. Mwaka 1983 klabu ya Tottenham iliingia katika soko la hisa la London kwa kuunda kampuni mama juu ya klabu. Masharti yakaifunga klabu, lakini hayakuifunga kampuni mama. Wengine wakaona njia.

Brighton, mwishoni mwa mwaka 1993, uongozi ulishikwa na mfanyabiashara aliyeitwa Bill Archer, pamoja na wenzake. Walisaidia klabu ipate mkopo wa kuiokoa na wadai, na jambo hilo ni haki kulitaja. Lakini hisa zilizompa Archer uamuzi katika kampuni mama zilimgharimu pauni 56 na peni 25. Sikukosea kusoma. Si pauni 56,000, ni pauni 56. Wakati huo huo katiba ya kampuni ya klabu iliandikwa upya, na katika kuandikwa upya kikaachwa kifungu kimoja: kile kilichosema kwamba klabu ikivunjwa, ziada iende kwa michezo na hisani katika wilaya yao ya Sussex.

Hakuna gazeti lililotangaza. Hakuna kengele iliyopigwa. Karatasi iliandikwa, ikatiwa saini, ikapelekwa kwa Msajili wa Makampuni, ikawekwa jaladani. Timu iliendelea kucheza kila Jumamosi.

Mwezi Julai 1995 wananchi wakasoma katika gazeti la mji wao kwamba kiwanja kimeuzwa kwa kampuni ya kujenga maduka. Bei ilikuwa pauni milioni 7.4, na fedha hizo zilihitajika kulipia madeni. Mahali pa kuhamia palikuwa hapajapatikana. Palikuwa na ramani na maneno tu. Ndipo shabiki mmoja, mhasibu kwa kazi yake, akafanya jambo ambalo kila mwananchi alikuwa na haki ya kulifanya lakini hakuna aliyekuwa amelifanya. Alikwenda kwa Msajili, akaomba jalada la klabu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akaona kifungu hakipo.

Habari hiyo ilipotangazwa, wenye mji waliwaka. Uongozi ulijibu kwamba kuachwa kwa kifungu kulikuwa ni kupitiwa tu katika uandishi, na kifungu kikarudishwa. Mimi si hakimu, na sina haja ya kusema yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Ninalosema ni kwamba kwa takriban miaka miwili mali iliyojengwa na vizazi vitatu ilikaa bila kufuli, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyesoma. Na kifungu kiliporudi, kiwanja kilikuwa kimekwisha kuuzwa.

MIEZI ISHIRINI YA MAPAMBANO

Mechi iliyodhaniwa kuwa ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Aprili 1996, dhidi ya York City. Baada ya dakika 16 washangiliaji waliingia uwanjani, wakang'oa magoli na kuuvunja mtambaa panya. Mchezo ukavunjika. Siku chache baadaye mnunuzi akakubali kuipangishia klabu kiwanja kwa msimu mmoja zaidi. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Klabu ilirudi kuwa mpangaji katika ardhi iliyokuwa yake, kama ilivyokuwa mwaka 1902, ila safari hii kwa kodi kubwa na bila matumaini.

Msimu wa 1996/97 ulikuwa wa taabu. Timu ilikuwa imeshuka hadi daraja la nne. Washangiliaji walipiga filimbi, waliandamana, waligoma kuingia, walitoka kabla ya mchezo kwisha. Siku moja mwezi Oktoba waliingia tena uwanjani, na klabu ikanyang'anywa pointi mbili. Hapo hasira iliwaponza wenyewe, kwa maana pointi zile nusura ziwaue. Kufikia Desemba timu ilikuwa mkiani, nyuma ya mwenzake kwa zaidi ya pointi 10. Mkia wa daraja la nne maana yake ni kutolewa katika Ligi kabisa.

Halafu likatokea jambo ambalo mimi naliona ni zuri kuliko bao lolote. Kijana wa miaka 15, shabiki wa Plymouth Argyle, mamia ya kilometa kutoka Hove, alitoa wazo kwamba washangiliaji wa klabu zote waende siku moja kuwaunga mkono wenzao. Tarehe 8 Februari 1997 wakaja. Walikuja wamevaa jezi za timu zinazochukiana mwaka mzima, na wengine walitoka nchi nyingine za Ulaya. Zaidi ya watu 8,000 waliingia, Albion ikaifunga Hartlepool 5–0. Tangu siku ile watu wa nje walijua kwamba shida ya Brighton inaweza kuwa shida yao kesho.

Tarehe 26 Aprili 1997 ilichezwa mechi ya mwisho ya kweli, dhidi ya Doncaster Rovers. Watu 11,341 walihudhuria, wazee wakiwa wamevaa tai kama waendao mazikoni. Stuart Storer alifunga bao moja katika kipindi cha pili, likatosha. Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliingia uwanjani bila fujo ya kupigana. Walichukua nyasi, viti, mbao na vibao vya majina. Kuna bustani za nyumbani huko Sussex ambako nyasi za Goldstone zilipandwa upya.

Wiki moja baadaye, tarehe 3 Mei, Albion walikwenda Hereford. Atakayeshindwa atatoka katika Ligi, na Albion walihitaji sare. Katika kipindi cha kwanza mchezaji wao mmoja alijifunga. Katika kipindi cha pili Robbie Reinelt akasawazisha. Ikawa 1–1. Timu zote mbili zilikuwa na pointi sawa, na kwa kanuni ya wakati huo Albion walinusurika kwa kuwa na mabao mengi zaidi ya kufunga. Wenyeji walilia.

KILICHOFUATA

Goldstone kilibomolewa. Mnunuzi aliiuza ardhi ile baadaye kwa karibu pauni milioni 24, zaidi ya mara tatu ya alizotoa. Palipokuwa na goli la kaskazini pakawa na maduka na maegesho ya magari.

Na klabu? Ilikwenda kupanga. Kwa misimu miwili, 1997 hadi 1999, ilicheza mechi zake za "nyumbani" mjini Gillingham, zaidi ya kilometa 110 kutoka Hove. Hebu fikirini mzee aliyezoea kwenda mpirani kwa miguu sasa anapanda basi nusu siku ili akacheze nyumbani. Kisha mwaka 1999, chini ya mwenyekiti mpya Dick Knight, ikarudi mjini na kucheza Withdean, uwanja wa riadha. Njia ya wakimbiaji iliwatenga watazamaji na mchezo, majukwaa yalikuwa ya muda, wachezaji walivalia katika vibanda. Hata hivyo timu ilishinda ubingwa wa daraja lake mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Walisema watakaa Withdean kwa muda mfupi, wakakaa miaka 12.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu ardhi ya kiwanja ukiipoteza mjini huipati tena kwa urahisi. Mahali palipofaa, Falmer, palibishaniwa katika uchunguzi wa hadhara, ofisi za mawaziri na mahakama. Kibali kilitolewa mwaka 2005, kikapingwa, kikathibitishwa tena mwaka 2007. Washangiliaji hawakulala. Waliandika barua, waliandamana, hata walitoa wimbo ulioingia katika nyimbo 20 bora za nchi mwezi Januari 2005. Mwishowe kiwanja kikajengwa kwa pauni milioni 93, fedha zilizotolewa na mwenyekiti Tony Bloom, naye akiwa shabiki wa klabu hiyo tangu utoto. Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa Agosti 2011. Mgeni alikuwa Doncaster Rovers, ile ile iliyofunga mlango wa Goldstone. Albion walishinda 2–1. Mwaka 2017 walipanda Ligi Kuu, na msimu wa 2023/24 walicheza mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kisa hiki kina mwisho mwema, na wapo watakaosema: basi kuuzwa kwa Goldstone kulikuwa heri, wangebaki pale wasingefika Ulaya. Sikubaliani nao. Kiwanja kiliuzwa kwa pauni milioni 7.4 na kipya kikagharimu pauni milioni 93. Kati ya hapo palipita miaka 14 bila nyumba. Kama asingepatikana tajiri mwenye mapenzi, kisa kingekuwa kingine. Mtu aliyeanguka mtini akaangukia majani makavu hawezi kuwafundisha watoto kwamba kuanguka ni njia nzuri ya kushuka.

Tazameni na upande wa pili. Wale Hereford waliolia mwaka 1997 walipata mabaya zaidi, kwani mwaka 2014 klabu yao ya Hereford United ilivunjwa na mahakama kwa sababu ya madeni. Kampuni ikafa kabisa. Lakini kiwanja chao cha Edgar Street kilikuwa mali ya halmashauri, na wadai hawakuweza kukigusa. Wananchi wakaunda klabu mpya, na mwaka uliofuata wakaingia kwenye kiwanja kile kile, wakaanza upya kutoka chini. Klabu moja iliokoka ikapoteza kiwanja, ikateseka miaka 14. Nyingine ilikufa lakini kiwanja kikabaki, na ikazaliwa upya katika miezi michache. Mimi nikiulizwa kati ya jina na ardhi kipi kilindwe kwanza, jibu langu liko hapo.

TURUDI NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kurudi hapa shuleni.

Chama chetu si klabu ya Ligi. Lakini tuna kiwanja cha bondeni, kilichonunuliwa kwa michango ya waliotutangulia, ambacho vijana hawa hucheza kila jioni. Wakati kinanunuliwa pale palikuwa na nyasi na vyura. Leo barabara ya lami inapita pembeni, na kila mmoja wetu anajua bei ya kiwanja cha nyumba kando ya lami. Ardhi haikusogea ila mji ndio uliosogea.

Jioni hii, katika jambo la nne la ajenda, tutapigia kura katiba mpya ya chama. Kamati imefanya kazi kubwa, na lugha ya rasimu ni nzuri kuliko ile ya zamani. Katiba ya zamani ina kurasa 9, na rasimu ina kurasa 7. Kupunguza maneno ni jambo jema. Lakini katika katiba ya zamani kifungu cha mwisho kabisa kinasema kwamba chama kikivunjwa, mali zake zote pamoja na kiwanja cha bondeni zitakabidhiwa shule kwa ajili ya michezo ya wanafunzi. Nimekitafuta kifungu hicho katika rasimu jana usiku na leo asubuhi. Sikukiona.

Simshitaki mtu. Huenda kiliachwa kwa sababu kilikuwa mwisho wa karatasi na mpiga chapa alichoka. Huenda kuna nia ya kukiweka katika waraka mwingine. Lakini mmesikia kwamba hata Brighton walisema ni kupitiwa tu. Kupitiwa kwa namna hiyo kunamnufaisha yeyote atakayekuja baadaye na nia mbaya, hata kama waandishi wenyewe ni watu wema kabisa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, kifungu kile kirudishwe neno kwa neno kabla ya kura, na kama hakuna nafasi leo, kura iahirishwe. La pili, kuanzia sasa kila badiliko la katiba liletwe kwa wanachama likiwa limeandikwa pamoja na maneno ya zamani kando yake, ili mtu aone kilichoongezwa na kilichoondoka. Kilichoongezwa kila mtu hukiona, lakini kilichoondoka hakionekani mpaka mtu akitafute. La tatu, katiba iseme wazi kwamba kiwanja hakiuzwi wala hakiwekwi rehani mpaka kwanza kingine cha ukubwa ule ule kiwe kimekwisha kupatikana, kimepimwa na hati yake iko mkononi. Goldstone waliuza kwanza, wakatafuta baadaye.

Na ninyi vijana, mtakuwa wanachama wa chama hiki baada ya mitihani. Mtakapopewa karatasi ndefu yenye maneno ya kisheria, mtasikia usingizi. Someni hivyo hivyo. Wale watu 11,341 walilia siku ya mwisho, na kilio chao kilikuwa cha haki, lakini mtu mmoja angesoma jalada mwaka 1993 huenda pasingekuwa na siku ya kulia.

Nimemaliza. Katibu anazo nakala za katiba ya zamani pale mezani karibu na mlango, na chai haijawa tayari, kwa hiyo muda wa kusoma upo.